Waya na mawimbi: jinsi mzigo wa data unavyoongozwa ndani ya vituo vya data

Mombasa ni mlango wa intaneti wa Kenya. Waya wa TEAMS, unaotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika hapa mwaka wa 2009. Mwaka huo huo ukaja SEACOM, mwaka uliofuata ukaja EASSy, na mwaka wa 2012 LION2 ukashukia Nyali. Baadaye zikaongezeka nyaya nyingine, PEACE na 2Africa zikiwa miongoni mwao. Habari za nyaya hizi zimeandikwa sana, na mmoja ukikatika kila mtu hujua, kwa sababu simu zote huwa nzito siku hiyo. Mnamo Februari 2012, nanga ya meli nje ya bandari ya Mombasa iliukata TEAMS. Mzigo wake ukabidi uhamishiwe nyaya zilizobaki, na watumiaji wa Kenya na nchi jirani wakaonja polepole ya intaneti kwa muda.

Lakini safari ya data haiishii ufuoni. Ikishatoka baharini huingia ndani ya majumba yenye kompyuta nyingi zilizopangwa kwa safu, ambayo twayaita vituo vya data. Mombasa yenyewe inavyo vituo hivyo, vikiwemo vya kampuni ya iColo. Ndani ya majumba hayo mna msongamano wa namna yake, usiohusiana na bahari wala na nanga. Mara nyingi huduma inapokuwa nzito, kizuizi kiko humo, au kiko ndani ya chumba kidogo cha seva cha ofisi unayoitegemea.

Makala haya yanaeleza jinsi msongamano huo unavyotokea, jinsi watafiti walivyojaribu kuupunguza kwa kuchanganya nyaya na viungo visivyo na waya, na funzo ambalo taasisi zetu za Pwani zaweza kulichukua kabla ya kutoa pesa kununua mitambo.

Ndani ya kituo cha data

Kituo cha data kimejaa makabati marefu ya chuma. Kila kabati hubeba seva kadhaa, mara nyingi kati ya 20 na 40, zimepandana kama droo. Juu ya kabati huwekwa swichi, kifaa kinachopokea data za seva zote za kabati hilo na kuzielekeza ziendako. Swichi za makabati huungana na swichi kubwa zaidi, nazo huungana na nyingine kubwa zaidi, mpaka kufika kwenye lango la kutokea nje. Ukichora mpangilio huu kwenye karatasi wafanana na mti uliopinduliwa, shina juu na majani chini.

Wahandisi hugawa mzigo wa data katika mafungu mawili. Data inayoingia kutoka nje na kutoka kwenda nje huitwa ya kaskazini na kusini. Data inayopita kati ya seva na seva humo ndani huitwa ya mashariki na magharibi. Mtu asiyezoea atadhani fungu la kwanza ndilo kubwa. Katika vituo vikubwa sivyo. Ukifungua ukurasa mmoja wa mtandao wa kijamii, ombi lako moja huamsha maombi mengi ndani: seva moja yatafuta picha, nyingine majina ya marafiki, nyingine matangazo, nyingine yahakikisha kuwa wewe ndiwe mwenye akaunti. Juu ya hayo, data hunakiliwa kutoka kabati hadi kabati ili seva moja ikifa, nakala iwepo kwingine. Mazungumzo hayo ya ndani ndiyo yanayojaza njia.

Njia huziba vipi?

Tufanye hesabu ndogo. Kabati lina seva 40, na kila seva yaweza kutuma gigabiti 10 kwa sekunde. Zikituma zote kwa pamoja ni gigabiti 400. Iwapo swichi ya kabati hilo ina njia za kupanda juu zenye jumla ya gigabiti 100, basi robo tu ya mzigo ndiyo itakayopita bila kungoja. Tatu nyingine zitapanga foleni, na foleni ikijaa, data hutupwa na kulazimika kutumwa upya.

Wenye vituo hufanya hivi kwa makusudi, kwa kuwa si kawaida seva zote kutuma kwa nguvu zote wakati mmoja, na swichi kubwa ni ghali. Ni sawa na barabara: hakuna serikali inayojenga barabara ya kutosha magari yote ya mji kutoka kwa dakika moja. Lakini ipo saa magari mengi hutoka.

Dawa ya kwanza iliyotafutwa ilikuwa kuongeza nyaya kwa mpango mzuri. Mwaka wa 1953, Charles Clos wa maabara za Bell nchini Marekani alieleza jinsi mtambo mkubwa wa simu unavyoweza kujengwa kwa vijitambo vidogo vingi vilivyounganishwa kwa ngazi. Mwaka wa 2008, Mohammad Al-Fares, Alexander Loukissas na Amin Vahdat wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliitumia fikra hiyo kwa vituo vya data. Mpango wao ukajulikana kama mti mnono, kwa sababu hausinyai kadiri unavyopanda juu. Kwa swichi za kawaida zenye matundu 48 kila moja, mpango huo waunganisha seva 27,648, na kila seva yapata njia yake kamili hadi kwa mwenzake yeyote.

Mpango ni mzuri, lakini bei yake iko kwenye nyaya. Kuna ngazi tatu za viungo: kutoka seva hadi swichi ya chini, kutoka hapo hadi ya kati, na kutoka ya kati hadi ya juu. Kila ngazi yahitaji nyaya 27,648. Jumla ni nyaya 82,944 na swichi 2,880. Ni lazima zote zipitishwe, zifungwe, ziandikwe alama na zisichanganywe. Tena, zikishafungwa mahali, hazihami. Kabati likipata kazi nyingi leo na kesho lisiwe na kazi, waya wake utabaki pale pale.

Ndovu na panya

Hata njia zikiwa nyingi, bado kuna suala la nani apite wapi. Watafiti hugawa mitiririko ya data katika makundi mawili na kuyapa majina ya wanyama. Panya ni mitiririko midogo ya muda mfupi: ombi la kuangalia salio, jina la mgonjwa linalotafutwa, ujumbe mfupi. Ndovu ni mitiririko mikubwa ya muda mrefu: nakala ya hifadhi ya usiku, video za kamera za ulinzi, faili za uchambuzi. Kwa idadi, panya ni wengi mno. Kwa uzito, ndovu wachache hubeba sehemu kubwa ya data yote.

Panya hawahitaji nafasi kubwa. Wanachotaka ni kutongojeshwa. Ndovu hawajali kungoja kidogo, lakini wahitaji nafasi pana. Ukiwaweka kwenye foleni moja, panya hukwama nyuma ya ndovu, na mtu aliyeko dirishani aona duara likizunguka kwenye skrini. Wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyasi.

Njia ya kawaida ya kugawa mitiririko ni bahati nasibu ya aina fulani. Swichi huchukua anwani za mtumaji na mpokeaji, huzipitisha kwenye hesabu, na jibu la hesabu ndilo linaloamua njia. Kwa panya wengi mpango huu wafaa, kwa kuwa wakishakuwa maelfu hujigawa karibu sawa. Kwa ndovu haufai. Chukua njia nne na ndovu wanne. Uwezekano wa kila mmoja kuangukia njia yake mwenyewe ni 24 kwa 256, yaani chini ya mara moja katika kumi. Mara nyingi zaidi wawili watakutana kwenye njia moja huku njia nyingine ikiwa tupu.

Mwaka wa 2010, Al-Fares na wenzake walileta mpango uitwao Hedera. Programu moja huangalia kituo chote kutoka juu, huwatambua ndovu, kisha huwahamishia njia zilizo wazi. Panya huachwa waendelee na bahati nasibu yao. Mwaka huo huo, watafiti wa Microsoft na Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utaratibu wa DCTCP. Humo swichi haingoji foleni ijae ndipo itupe data. Huweka alama kwenye pakiti mapema, na mtumaji akiona alama nyingi hupunguza kasi kwa kadiri ya alama hizo. Foleni hubaki fupi, na panya wapata kupita.

Mbinu hizi zote ni za njia zilizokwisha jengwa. Swali lililobaki lilikuwa hili: je, twaweza kufungua njia mpya kwa muda, pale panapohitajika, kisha tuifunge?

Mawimbi yaingia chumbani

Mwaka wa 2009, Srikanth Kandula, Jitendra Padhye na Victor Bahl wa kitengo cha utafiti cha Microsoft waliangalia mzigo wa vituo halisi vya data wakagundua jambo muhimu. Kwa wakati wowote ule, makabati yaliyozidiwa huwa machache, na data ya kila moja huwa yaelekea makabati machache tu mengine. Tatizo, basi, si la kituo kizima. Ni la jozi chache za makabati, na jozi hizo hubadilika kila mara.

Kama hivyo ndivyo, walisema, hakuna haja ya kunenepesha mti mzima. Jenga nyaya za kutosha kwa siku ya kawaida, kisha ongeza viungo vya mawimbi juu ya makabati, viwashwe kati ya kabati lililozidiwa na lile linaloelekewa. Mwaka wa 2011, Daniel Halperin pamoja na watafiti hao walichapisha vipimo vya viungo hivyo vikitumia masafa ya gigahezi 60.

Kwa nini gigahezi 60? Mawimbi ya masafa hayo yana urefu wa milimita 5 tu, kwa hivyo antena ndogo yaweza kuyakusanya yawe mwale mwembamba unaoelekezwa mahali pamoja. Upana wa masafa yaliyoruhusiwa bila leseni katika nchi nyingi ni mkubwa, gigahezi kadhaa, na upana huo ndio unaowezesha gigabiti kadhaa kwa sekunde. Tena mawimbi haya hayaendi mbali na hayapenyi kuta. Hewa ya oksijeni yenyewe huyanyonya kiasi cha desibeli 15 kwa kila kilomita. Nje hiyo ni kasoro, lakini ndani ya chumba cha makumi ya mita unyonyaji huo hauonekani, na kule kutopenya kuta ni faida: chumba cha pili hakisumbuliwi wala hakisikilizi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba waya na mawimbi havikushindanishwa. Viligawiwa kazi. Data nzito ilipita hewani, lakini amri za kuwasha na kuzima kiungo zilipita kwenye waya, na hata zile taarifa fupi za "nimepokea" ambazo mpokeaji humrudishia mtumaji zilipelekwa kwa waya. Sababu ni nyepesi. Redio hizo haziwezi kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja katika masafa yale yale. Kila mara inapogeuka kusikiliza, nafasi ya kusema yapotea. Ukizipeleka taarifa hizo kwa waya, hewa yabaki kwa mzigo mzito tu.

Vikwazo, na majaribio ya kuviruka

Mwale mwembamba una adabu yake. Ukikutana na chuma, hukoma au huruka upande mwingine, na kituo cha data chote ni chuma. Miale miwili ikipishana karibu, huvurugana. Kabati refu likisimama katikati, kiungo hakipatikani.

Mwaka wa 2012, Xia Zhou, Ben Zhao, Haitao Zheng na wenzao katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walijaribu kuuelekeza mwale juu badala ya mbele. Dari ilifunikwa kwa bamba la chuma linaloakisi mawimbi kama kioo kinavyoakisi mwanga, nao mwale ukashuka moja kwa moja juu ya kabati linalolengwa. Kwa kuwa mwale hushuka kutoka juu, haupiti kwenye vichwa vya makabati mengine, na viungo vingi zaidi vyaweza kufanya kazi kwa pamoja bila kuvurugana.

Wengine waliacha redio wakachukua mwanga wenyewe. Mwaka wa 2014 mpango wa FireFly ulipendekeza miale ya leza inayopita hewani juu ya makabati na kuelekezwa kwa vioo. Mwaka wa 2016 mpango wa ProjecToR, uliotoka kwa watafiti wa Microsoft, ulitumia vile vioo vidogo mno vinavyopatikana ndani ya projekta za kuonyeshea filamu. Kwa kugeuza vioo hivyo, mwale waweza kuhamia kabati jingine kwa takriban mikrosekunde 12, yaani sehemu 12 za milioni ya sekunde.

Wapo pia waliotaka kuondoa waya kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzao walichapisha mwaka wa 2012 mchoro wa kituo chenye makabati ya mviringo, seva zote zikizungumza kwa gigahezi 60.

Hata hivyo, vituo vikubwa vya biashara bado vyategemea waya na faiba, na kazi hizi za mawimbi zimebaki zaidi katika maabara. Vumbi, mtikisiko wa feni, mafundi wanaopita na vidabwa vya nyaya, na kushuka kwa bei ya faiba, vyote vimechangia. Lakini fikra iliyokuwa nyuma yake haikufa. Mwaka wa 2022, Google ilieleza kuwa mtandao wake wa ndani uitwao Jupiter sasa watumia swichi zenye vioo vidogo vinavyogeuka na kuunganisha faiba moja na nyingine, hivi kwamba umbo la mtandao labadilishwa kulingana na mzigo bila fundi kugusa waya. Kwa hesabu ya Google wenyewe, mtandao uliojengwa hivyo uligharimu asilimia 30 pungufu na kutumia umeme asilimia 41 pungufu. Njia zinazohama zimepata makao ndani ya faiba.

Nani aamua nani apite?

Njia mbili zilimshinda fisi. Kituo chenye waya na mawimbi kitashindwa vivyo hivyo ikiwa hakuna anayeamua. Kazi hii hupewa programu msimamizi inayoona kituo chote. Tangu utaratibu wa OpenFlow ulipotolewa mwaka wa 2008 na watafiti wa Stanford na vyuo vingine, imekuwa rahisi kwa programu moja kuziandikia swichi nyingi kanuni za njia. Msimamizi hufanya mambo manne kwa mzunguko usiokwisha.

Kwanza, hupima. Huuliza swichi ni kabati gani linapeleka kiasi gani, na wapi. Bila vipimo, kila uamuzi ni ramli.

Pili, huchagua. Kiungo cha mawimbi hupewa jozi ambayo ikiondolewa kwenye waya, wengine wengi watapumua. Wakati mwingine jozi iliyozidiwa haionani uso kwa uso. Hapo data yaweza kurushwa kwa kabati la jirani linaloonana nayo, kisha imalizie safari kwa waya.

Tatu, huelekeza. Mtiririko mmoja haukatwi vipande ukapitishwa njia mbili zenye mwendo tofauti. Pakiti za njia ya haraka zitafika kabla ya wenzake waliotangulia, na itifaki ya TCP, ambayo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya data, itadhani zilizochelewa zimepotea, ipunguze kasi bila sababu. Kwa hiyo ndovu mzima huhamishwa, si mguu wake.

Nne, hufunga. Mzigo ukipungua, kiungo huondolewa na kupewa jozi nyingine. Hapa pataka subira. Msimamizi akihamahama kwa kila badiliko dogo, mitiririko hurushwa huku na kule kama mpira na hakuna anayefaidika. Kwa hiyo huwekwa kiwango cha kufungulia na kiwango cha chini zaidi cha kufungia, na katikati yake hakuna linalofanywa.

Msomaji wa Mombasa ana mfano wake wa mpango huu. Daraja la kuelea la Liwatoni, lililoanza kutumika Januari 2021, lilijengwa kwa ajili ya waendao kwa miguu kati ya Liwatoni na Ras Bofu. Halikuondoa feri ya Likoni, wala halikubeba gari hata moja. Kazi yake ilikuwa kuutoa umati wa watembeao kwenye foleni ya Likoni, nalo lilikuwa na sehemu ya kufunguka ili meli zipite. Faida yake yote ilitegemea mambo mawili: ni nani wanaoelekezwa huko, na ni saa ngapi liko wazi. Kiungo cha mawimbi ni hivyo hivyo.

Yatuhusu vipi Pwani?

Hakuna hospitali wala chama cha akiba huku kwetu kinachohitaji leza za dari. Lakini taasisi nyingi zina chumba kidogo cha seva, waya kati ya majengo na redio ya paa hadi paa. Huo ni mchanganyiko wa waya na mawimbi, na matatizo yake ni yale yale kwa kipimo kidogo.

Tuchukue hospitali ya kufikirika yenye majengo mawili. Seva iko jengo la kwanza, na jengo la pili lina maabara na mahali pa kuandikisha wagonjwa. Faiba ya gigabiti 1 kwa sekunde yaunganisha majengo, na juu ya paa iko redio ya megabiti 300 kama akiba. Hospitali ina terabaiti moja ya nakala ya kuhifadhi. Kupitia faiba, ikiwa hakuna mwingine njiani, nakala hiyo yahitaji takriban saa 2 na dakika 13. Ikianzishwa saa mbili asubuhi, ndovu huyo atakaa njiani hadi baada ya saa nne, wakati ule ule wagonjwa wanapoandikishwa. Ikianzishwa saa sita usiku, hakuna atakayejua ilipita.

Sasa tuseme wajenzi wa barabara wamekata faiba. Redio yashika kazi, kama ilivyokusudiwa. Nakala ile ile kupitia redio yahitaji zaidi ya saa 7. Kama hakuna aliyeandika kanuni kwamba kwenye redio panya hupita kwanza na ndovu hungoja, hospitali itakuwa imenunua njia ya akiba na bado karani atamwambia mgonjwa "mfumo uko chini". Redio itakuwa yafanya kazi, lakini imejazwa na nakala ambayo ingeweza kungoja hadi usiku, au hadi fundi wa faiba afike.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini ya ununuzi, wasimamizi wafaa kuuliza haya:

1. Tumepima? Swichi nyingi za ofisi zaweza kuonyesha mzigo wa kila tundu kwa kila saa. Wiki mbili za vipimo zitaeleza kama tatizo ni njia nyembamba au ni nakala iliyopangiwa saa mbaya. La pili halihitaji kununua chochote.

2. Uti wa mgongo ni waya? Seva na seva ziunganishwe kwa waya. Mawimbi yawe njia ya pembeni, ya akiba, au ya vifaa vinavyotembea. Muuzaji anayesema waifai pekee yatosha kwa chumba cha seva aombwe aonyeshe vipimo vyake.

3. Redio ni ya masafa gani? Ya gigahezi 60 ni ya kasi, lakini nje hufaa masafa mafupi, na mvua kubwa za masika huidhoofisha. Ya gigahezi 5 huvumilia mvua zaidi, ila kwenye mji uliosongamana hugombania hewa na waifai za majirani. Popote penye upepo wa bahari, chumvi hula vyuma na viungio, basi ukaguzi wa paa uwe kwa ratiba.

4. Nani apite kwanza siku ya dharura? Orodha iandikwe na kuwekwa ndani ya swichi: kumbukumbu za wagonjwa au malipo kwanza, simu za ofisi pili, video na nakala mwisho.

5. Njia ya akiba imejaribiwa? Angalau mara moja kwa miezi kadhaa, faiba ichomolewe makusudi wakati wa utulivu, ionekane kama redio yashika na kama kanuni ya hapo juu yafuatwa.

Kwa vijana wanaotafuta ujuzi, hapa pia pana mlango. Kuunganisha faiba ni ufundi unaolipa, na wengi wameshaanza kujifunza. Lakini ufundi wa kupima mzigo na kuandika kanuni za nani apite wapi ni adimu zaidi, na hauhitaji kituo kikubwa cha data kuujifunza. Kompyuta moja, swichi mbili za mitumba zinazoweza kupangwa na programu za bure za mitandao zatosha kuanzia.

Nyaya za baharini zimeshafika, na nyingine zitakuja. Mgonjwa aliye dirishani, mwanachama anayengoja mkopo na mfanyabiashara anayesubiri hati za mzigo wake bandarini hawataonja faida yake ikiwa mita mia za mwisho hazina mpangilio. Gharama ya mpangilio huo ni vipimo vya wiki mbili, orodha ya ukurasa mmoja na mtu anayejua kuiingiza ndani ya swichi.